Mwanamke wa Lifti Hakusema Karibu

Mpaka leo nikisikia watu wanapiga makofi mbele ya televisheni, nainuka natoka nje. Watoto wa dada yangu, ambao sasa ni watu wazima na wana watoto wao, husema mama mdogo amezeeka, kelele zinamsumbua. Waache waseme. Si kelele. Ni kinyaa, na kinyaa hicho nilikipika mwenyewe kwa mdomo wangu huu huu, Mikumi, ndani ya ghala lililokuwa la ushirika.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, baa kila baada ya nyumba mbili ruksa. Ushirika ulikuwa umeshakufa, ghala lake limebaki kando ya barabara kuu, bati limeshika kutu na panya wa ndani wamenenepa. Akaja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam na televisheni, deki na masanduku mawili ya kanda. Akalikodi, akaziba madirisha kwa magunia ili asiyelipa asichungulie, akaandika mlangoni kwa chokaa kwamba humo mna video, ghala likawa banda.

Mimi nilikuwa mapokezi kwenye gesti ya jirani. Nilikuwa na kidato cha nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha funguo, taulo na maji ya moto, kile cha kuwaongelesha wageni waliokuja kuangalia tembo. Lakini kwa Mikumi ya wakati ule, mtu aliyeweza kumwambia Mzungu kwamba maji ya moto yatakuja asubuhi alihesabiwa msomi. Mwenye banda akaniomba niwe nasimama kando ya televisheni Jumapili alasiri na kipaza sauti, nieleze kwa Kiswahili wanachosema wale watu. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Nilipenda sifa, na sioni sababu ya kuficha.

Banda lenyewe lilikuwa uchafu mtupu. Watu walitafuna miwa na kutema makapi pale pale walipokaa, halafu wengine wanakuja kukanyaga kwa miguu mitupu. Jua la saa tisa linapiga bati, jasho linawatoka watu mia moja kwa pamoja, na nyuma ya ukuta ndiko watu walikojisaidia, maana choo chenyewe hakikuwepo. Mlangoni mama mmoja alikaanga dagaa kwa mafuta yaliyokwisha kubadilika rangi. Nilikuwa najipaka manukato kwenye leso na kuishika puani kila picha ikianza, watu wakadhani naringa. Nilikuwa naringa kweli, lakini harufu ilikuwepo.

Kanda iliyowajaza kuliko zote ilikuwa ya mfululizo mmoja wa kigeni. Kuna karani mwembamba anafanya kazi kwenye jengo refu. Kila sehemu anaingia kwenye lifti, mlango unafunga, ukifunguka anatokea kwenye mji ule ule, wenye watu wale wale, ila mambo yamekwenda vinginevyo. Kwenye dunia moja yeye ni tajiri, kwenye nyingine yuko jela, kwenye nyingine vita havikwisha. Na kila dunia ina mwenzake, sura yake na sauti yake, aliyepata bahati tofauti. Lifti hakuna aliyewahi kuiona pale bandani. Niliwaambia ni chumba kidogo kinachopandishwa ghorofani kama ndoo ya kisima, wakaridhika.

Madereva wa malori waliipenda kupita kiasi. Mmoja alisema lifti ya namna hiyo ingejengwa kati ya Mikumi na Tunduma ingewafaa wengi, kwa kuwa mwanamke wa huku asingekutana na wa kule. Wenzake walicheka wakapigana mabega. Nilikuwa nawafahamu, vyumba vyao gestini nilikuwa navifungua mimi, na niliwaona wake zao wa Mikumi wakiwasubiri na mabakuli ya wali yakipoa. Nilitamani kuwamwagia yale mafuta ya dagaa.

Sasa niseme habari ya dada. Dada yangu mkubwa aliolewa Mvumi, upande wa Kilosa, kwa mkulima mpole wa mpunga. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, na wazazi walishatangulia, kwa hiyo nyumbani kwake ndiko kulikuwa kwetu. Shemeji alikuja Mikumi kuuza mchele, na wakati anavuka barabara akagongwa na lori, akafa palepale. Aliacha watoto wawili wadogo, wa kike wote.

Ukoo wa shemeji ulikuwa na desturi yake. Mtu akifa, hawakubali nafasi yake ibaki tupu. Mjane akimaliza eda, ndugu wa marehemu aliyechaguliwa anakalishwa kwenye kigoda mbele ya watu, na anavishwa nguo za marehemu, shati kwanza, kisha koti. Tangu hapo anaitwa kwa jina la marehemu. Watoto wanaletwa mbele yake wanampa shikamoo, wanaambiwa baba yenu amerudi. Kuna koo zinazoishia hapo, kwenye jina na heshima tu. Hawa hawakuishia hapo. Jina linakwenda na shamba, shamba linakwenda na nyumba, na mwanamke yumo ndani ya nyumba.

Aliyechaguliwa alikuwa mdogo wa marehemu, fundi wa kuziba matairi pale pale Mikumi. Simsingizii, hakuwa mlevi wala mgomvi. Lakini alikuwa na namna ya kumtazama mtu kana kwamba ameshamnunua. Nilipokwenda Mvumi katikati ya eda, dada alinivuta nyuma ya jiko akanieleza kwamba shemeji mdogo ameshakuja mara mbili, na mara ya pili alikuja amevaa kofia ya marehemu, na mtoto mdogo akamkimbilia akidhani ni baba yake. Alisema yuko tayari kulima vibarua mpaka mgongo ukatike, ila si kulala na mtu eti kwa sababu shati limemtosha. Akikataa, anatoka na kanga zake, na wanaweza kumnyima watoto. Akikubali, ndiyo hivyo. Aliniomba nimtafutie maneno ya kuwaambia wazee, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nikamwahidi.

Jumapili moja, eda ikiwa imebaki siku chache, mwenye banda akatia sehemu mpya. Ilianza kama kawaida. Karani akaingia lifti, akatoka, akatembea mpaka kwake, akakuta picha yake mwenyewe iko mezani imezungushiwa maua. Katika dunia ile mwenzake amekufa. Ndani yupo mjane amevaa nguo nyeusi, na watoto wawili. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba mwenzake aligongwa na gari. Kutamka tu, vichwa vikaanza kugeukia benchi la mbele. Shemeji mdogo alikuwa amekaa pale, mikono myeusi kwa uchafu wa matairi, mdomo wazi.

Karani akafungua kabati. Akatoa koti la marehemu akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja.

Banda likapasuka kwa makofi. Mzee mmoja alisimama juu ya benchi akasema, wamemvika. Toka hapo hakuna aliyeikumbuka lifti tena. Dunia ya pili, mwenzake, yote yalikwisha hapo. Kwao ile ilikuwa shughuli ya kumvika mrithi, ila imefanywa na Wazungu, vibaya, bila kigoda na bila mashahidi. Walianza kuisahihisha. Mbona anajivika mwenyewe, wajomba zake wako wapi? Kwenye picha akaingia mzee mmoja, baba wa yule mjane, na karani akabaki amekaa. Watu wakasonya. Hata shikamoo hana, walisema, na anataka kurithi. Mfugaji mmoja wa Msowero, aliyekuja mnadani na kubaki, alisimama na fimbo yake akataka nimuulize yule karani ng'ombe wa marehemu wako kwa nani. Aliniuliza kwa adabu kabisa, na nilimwambia katika nchi ile hawafugi. Aliketi kwa masikitiko.

Bibi mmoja kutoka upande wa wanawake akauliza kama mjane ameshamaliza eda.

"Ameshamaliza," nikasema.

Kwenye picha ile hakuna aliyetaja eda hata kidogo. Uongo wa kwanza ulinitoka hivyo, kirahisi, kwa sababu bibi aliuliza na watu mia moja walikuwa wananitazama wakisubiri jibu. Nilijisikia mtamu. Sipendi kulisema neno hilo, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Kisha mwanamke yule akamgeukia karani aliyevaa koti. Akaongea. Aliongea kwa muda mrefu, taratibu, machozi yanamtoka na hayafuti. Mimi nilidaka maneno machache tu. Nilisikia uso. Nilisikia sauti. Nilisikia si wewe, na hilo alilisema mara mbili. Mengine yote yalinipita, kwa kuwa Kiingereza cha maji ya moto hakifiki huko. Na banda linanguruma, anasemaje, anasemaje, huku mwenye banda akiniashiria kwa mkono niseme haraka. Ningeweza kusema sijaelewa. Ni neno moja tu. Lakini msomi wa Mikumi aseme hajaelewa, mbele ya madereva wale?

"Anasema karibu nyumbani," nikasema.

Mwanamke akaenda akafungua mlango. Karani akavua koti, akaliweka kitini, akatoka. Mtoto wa darasa la pili angejua kwamba amefukuzwa. Lakini mimi nilishasema karibu, na neno langu lilikuwa na nguvu kuliko macho yao. Yule mzee wa juu ya benchi akaeleza kwamba anakwenda kuwaarifu wajomba zake, na koti ameliacha kama alama. Wakakubali wote. Wakapiga makofi tena, wakageuka kwenye benchi la mbele, wakamwinua shemeji mdogo kwa makwapa. Wakaanza kumwita. Hawakumwita kwa jina lake. Walimwita kwa jina la marehemu, kaka yake, ambaye damu yake ilimwagika kwenye lami hatua chache kutoka mlango ule.

Akaitika.

Alipopita mbele yangu alikuwa anatabasamu, anajifuta mikono kwenye suruali.

"Umesikia mwenyewe, shemeji," aliniambia.

Nilitoka nyuma ya ghala, penye mkojo na makapi ya miwa, nikatapika leso yangu ikiwa mkononi. Kwa muda nilijiambia ni harufu ya dagaa. Na Jumapili iliyofuata nilirudi na kipaza sauti kama kawaida, hilo nalo niliweke wazi.

Eda ilipokwisha, wakaniita Mvumi. Sikushangaa kuitwa, mimi ndiye ndugu pekee wa dada. Nilipanda basi la Kilosa na maneno yangu niliyomwahidi, nimeyapanga vizuri kichwani: haki ya mjane, hiari, serikali inasemaje. Kumbe nimeitwa kwa jambo jingine.

Kikao kilikaa asubuhi, uani. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka upande wa jiko. Kigoda kimeshatolewa, na shati na koti la shemeji vimekunjwa juu yake, koti lile la mtumba alilolipenda, kiwiko kimetiwa kiraka alichokishona dada. Shehe alikuwa ameshapita. Aliwaambia mjane ana hiari yake, haozeshwi kwa nguvu. Wakasema ndiyo shehe, wakampa chai na chapati, na alipoondoka wakaendelea na ya kwao. Dada alikaa mwisho wa mkeka, watoto wote wawili wamemlalia mapajani. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ambayo nusura isisikike.

Mjomba mkubwa wa marehemu ndiye aliyeongoza. Mzee huyu alikuwa hajawahi kuona televisheni maishani mwake. Akaanza kueleza, kwa kujiamini kabisa, habari ya mtu wa nchi za nje aliyekufa kwa kugongwa na gari, na ndugu yake aliyefanana naye akaja kutoka mji mwingine, akavaa koti, na mjane, mwanamke msomi wa ghorofani, akampokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameongezea na wajomba waliotoa baraka. Alisema watu wanatuambia desturi hizi ni za giza, za watu wasiokwenda shule, haya, basi hata Wazungu nao? Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Shemeji mdogo alikuwa amekaa kando ya kigoda, amenyoa, anatazama chini kwa haya ya bwana harusi.

"Na aliyetafsiri yupo hapa," mjomba akasema. "Mdogo wake mjane mwenyewe. Haya mwanangu, yule mwanamke alimwambiaje?"

Dada akaniangalia. Sikuwahi kumweleza habari ya video ile. Ningeanzia wapi? Aliniangalia kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya unga wake mwenyewe, na naapa hakuna kitu nimewahi kukionea kinyaa duniani kama nilivyojionea mimi pale.

Nikasimama. Nikasema yule mwanamke hakusema karibu. Nikasema nilidanganya, kwamba sikuelewa alichosema, na nilichokidaka ni kwamba yule si mume wake, na mlango aliufungua ili mtu atoke. Mmoja wa wazee akacheka, akasema njia ya mwongo ni fupi. Mwingine akauliza, kama nilidanganya siku ile, nani anajua kama sidanganyi leo, kwa vile leo kuna faida yangu. Swali la haki kabisa. Shemeji mdogo aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alisema watu mia moja walisikia, na mtu mmoja hawezi kuja kufuta.

Hapo hasira zikanipanda. Nikaanza kuyamwaga yale maneno niliyoyapanga, haki na hiari na serikali, na nilipoona wananisikiliza nikanogewa. Nikasema dada yangu anaona hivi, dada yangu anahisi vile, dada yangu angependa kuwaeleza wazee wangu kwamba. Nilikuwa nimerudi bandani. Kilichokosekana ni kipaza sauti tu.

"Nyamaza," dada akasema.

Nilidhani anamwambia mtoto.

"Wewe nakwambia, nyamaza. Yule wa kwenye video ulimsemea. Mimi usinisemee."

Akawaondoa watoto mapajani taratibu, mmoja mmoja. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatembea kutoka upande wa wanawake mpaka mbele ya viti, kitu ambacho sikuwahi kumwona mwanamke yeyote akikifanya katika ua ule. Akapiga goti kwa heshima, akampa mjomba shikamoo. Mjomba akaitika. Dada akasimama wima, ana kigoda na lile koti upande wake wa kulia, na hakuvitazama.

"Mjomba, sitaki."

Kwa Kiswahili, sauti ya kawaida, na kila mtu uani pale alilisikia. Jirani aliyekuwa akitwanga akaacha kutwanga. Mjomba alijikuna kidevu. Kisha akageuza kiti chake, akampa ubavu dada aliyesimama pale pale, akaniuliza mimi.

"Anasemaje huyu?"

Mdomo wangu ulishaanza kufunguka kwa mazoea. Niliuuma ulimi mpaka nikaonja damu. Mjomba alisubiri, wazee wakasubiri, wote wananitazama mimi. Dada akazunguka kiti polepole mpaka akafika mbele ya uso wa mjomba, akasimama pale, akalirudia.

"Sitaki."